Saanane, Ndabaka au Rubondo: kuchagua hifadhi ya siku moja ukiwa Mwanza

Kila mwaka mwezi wa sita shule zikikaribia kufunga, grupu la familia yetu la WhatsApp huamka usingizini. Shemeji hutuma picha ya nyumbu. Mama mdogo humjibu kwa kuuliza nani analipa mafuta. Binamu aliyeko Geita anaandika kwa herufi kubwa kwamba daraja la Kigongo na Busisi limekamilika, njooni Rubondo. Bibi hatumi kitu, simu yake ni ya tochi, ila msimamo wake kila mtu anaujua: tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, yeye na vyombo vya majini basi. Mabishano huenda wiki mbili, na mara nyingi yanaisha kwa sisi kukaa nyumbani na kuchoma nyama uani.

Saanane, Ndabaka na Rubondo nimezifikia zote, moja wapo mara nyingi kuliko nilivyopanga. Ninaandika kwa aliye Mwanza, mkazi au mgeni, mwenye siku moja ya kiangazi na watu wa kuwapeleka, na ambaye kila anayemuuliza anamwambia jina tofauti.

Kwa kifupi zikoje. Saanane ni kisiwa kilichomo ndani ya jiji lenyewe, Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, maji yake yakiwemo. Ndabaka ni geti la magharibi la Serengeti, lililoko kando ya barabara ya Musoma, kilomita kama 145 kutoka mjini. Ukiingia hapo uko ndani ya hifadhi ya 1951 yenye kilomita za mraba 14,763, hivyo usijidanganye kwamba kwa siku moja utaiona. Rubondo ni kisiwa kikubwa kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, upande wa mkoa wa Geita, hifadhi tangu 1977, kilomita za mraba 456.8. Saanane zaidi ya mia mbili zingeenea humo.

Tunalinganisha kwa lipi

Watu wengi huanza na swali la wanyama. Kuna simba? Kuna tembo? Mimi naanza na saa. Siku ya matembezi ina saa kumi na mbili za mwanga, na kila hifadhi inazila kwa namna yake: nyingine barabarani, nyingine majini, nyingine kwa miguu. Ukishajua saa ngapi zitabaki za kuwa ndani hasa, nusu ya mabishano imeisha. Baada ya hapo ndiyo pesa, ndiyo wanyama, ndiyo nani yumo kwenye msafara, kisha mambo ya chakula na kivuli, na mwisho jua, upepo na wadudu. Zote tatu nitazipitisha humo humo.

Njia na saa

Saanane haina njia ya kusimulia. Unafika Capri Point kwa bodaboda au gari, na kutoka katikati ya mji hata miguu inatosha. Unaingia ofisi ya hifadhi, unalipa, unavaa jaketi la kujiokolea, unapanda boti. Dakika kumi hivi baadaye unakanyaga kisiwa. Aliyekunywa chai saa mbili nyumbani kwake Isamilo, saa nne anaweza kuwa juu ya jabali akiutazama mji. Saa za kupotea hakuna. Tatizo lake ni la upande wa pili: kwa saa tatu za kutembea taratibu, na kukaa, na kupiga picha, kisiwa kimekwisha. Aliyetarajia siku nzima ataanza kuangalia saa yake mchana.

Ndabaka inataka uondoke saa kumi na moja alfajiri. Nasisitiza alfajiri. Barabara ni ya lami: Kisesa, Magu na daraja la mto Simiyu, Lamadi, kisha geti liko hapo hapo pembeni ya njia kuu. Kwa gari dogo ni saa mbili na nusu hivi, kwa sababu ya vijiji vya mwendo wa hamsini na askari wa barabarani. Ukifika saa moja na nusu, ukamaliza makaratasi saa mbili, una saa saba au nane za kuwa ndani kabla ya kugeuza. Hiyo ni siku nzuri.

Siku mbaya nayo naijua. Tulikodi Hiace ya watu kumi na wawili, makubaliano saa kumi na moja. Saa kumi na mbili dereva anasema yuko njiani. Saa moja anasema yuko jirani. Alitokea saa mbili kasoro robo, na nilipozunguka nyuma nikaona tairi la kulia limebaki kipara, nyuzi zinachungulia. Likabadilishwa Nyakato, watoto wakinywa soda barazani kwa muuza spea. Ndabaka tuliingia saa sita kasoro, jua la utosi, wakati kila mnyama mwenye akili yuko kivulini. Tuliona swala, nyani, pundamilia kwa mbali, na migongo ya kitu ambacho shemeji hadi leo anaapa ni simba. Tangu siku hiyo nina kanuni: gari lisipotokea hadi saa moja, safari inabadilika jina. Tunaishia Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yako njia hiyo hiyo, kama kilomita ishirini tu kutoka mjini. Mwezi wa sita ukibahatika unakuta ngoma za Bulabo, na hakuna atakayekumbuka kudai simba.

Rubondo ndiyo yenye hesabu ngumu. Zamani ilianzia kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, mahali ambapo mtu aliweza kula mahindi mawili ya kuchoma na bado hajavuka. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 hicho kipande kikawa dakika chache, na binamu yangu ana haki ya kuringa. Lakini daraja limekufikisha Sengerema na Geita, kisiwani halijakufikisha. Kutoka Geita una njia mbili. Uende Nkome, barabara fupi, halafu boti ya saa mbili hivi. Au uendelee upande wa Chato hadi Muganza, ushuke mwalo wa Kasenda, ambako boti ni kama nusu saa. Ukipunguza maji unaongeza barabara, ukipunguza barabara unaongeza maji. Kwa vyovyote nusu siku imekwenda, na kurudi ni nusu nyingine. Atakayeng'ang'ania siku moja atapata saa mbili, tatu kwa kukimbizana. Naiweka kwenye orodha hii kwa sababu watu wanaiuliza, na kwa sababu mwenye uwezo wa kulala usiku mmoja ana habari nyingine kabisa.

Pesa

Kiingilio siyo kinachoumiza. Mtanzania analipa kwa shilingi, viwango vya raia, na mtoto wa chini ya miaka mitano hapigiwi hesabu. Kinachoumiza ni usafiri, na hapo ndipo hizi tatu zinapoachana.

Saanane gharama inakwenda kwa kichwa: kiingilio, boti, na nauli ya kufika Capri Point. Mtu mmoja au wawili wanaweza kwenda bila kuombana michango. Mwanafunzi wa chuo anaimudu.

Ndabaka gharama ni gari. Piga hesabu: 145 kwenda, 145 kurudi, na ndani usipozunguka walau kilomita mia umeenda kuangalia geti. Hizo ni karibu 400. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita litameza lita arobaini, na Land Cruiser la zamani litazidi hapo. Ongeza kodi ya gari na ya kuliingiza ndani, mgawanye kwa watu. Mkiwa watatu inauma, mkiwa wanane inavumilika. Viti vitupu ndiyo hasara kubwa ya Ndabaka. Kuna wanaopanda basi la Musoma, wakateremka Lamadi na kukutana na gari waliloliagiza mapema, inapunguza kidogo. Ila bila gari kabisa usiende, ndani hakuna kutembea kwa miguu wala bodaboda.

Rubondo unalipia barabara, unalipia boti, na ukilala unalipia kulala. Boti hukodiwa kwa safari, kwa hiyo kama Ndabaka, wingi wa watu ndiyo nafuu. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana mabanda yao kisiwani pale Kageye ambayo kwa raia ni afadhali kuliko unavyofikiri, ila chakula unabeba mwenyewe na boti unaipanga nao kabla, kwa simu, siyo kwa kufika na kuuliza mwaloni.

Jambo moja linalofanana kote: malipo ya hifadhi ni kwa namba ya malipo ya serikali au kadi, usitegemee noti za mfukoni. Hakikisha simu ina salio kabla hujatoka mjini. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho. Binamu yangu mmoja aliacha cha NIDA kwenye suruali nyingine, na kwa sababu ana lafudhi ya miaka kumi Nairobi, nusura ahesabiwe kwa dola.

Utakachokiona

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo Saanane huonewa.

Mtu akisikia hifadhi isiyo na makundi ya tembo anasonya. Lakini nenda asubuhi, panda njia ya mawe polepole, simama. Juu ya jabali la kwanza lenye jua utamkuta mjusi dume, kichwa na mabega mekundu ya waridi, mwili na mkia wa buluu, anapiga pushapu kama yuko jeshini. Watoto wote wa Mwanza humwita Spider-Man. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu: *Agama mwanzae*. Jike lake ni la rangi ya vumbi na utalipita bila kuliona. Dume akisogelewa na dume mwenzake, pushapu zinaongezeka kasi, kichwa juu chini, juu chini, mpaka mmoja akubali yaishe. Mwanangu wa miaka saba aliwatazama wawili kwa dakika kumi bila kuuliza habari ya simu yangu. Simba hajawahi kumfanyia hivyo.

Kisha pimbi. Wamejaa kwenye nyufa za miamba, wanene, wanakutazama kama wenye nyumba wanaosubiri kodi. Mwambie mtoto kwamba ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo, halafu mwache abishane na mwongozaji. Kuna swala pala wanaopishana nawe njiani, kuna tumbili, kuna kenge wa kutisha kwa urefu, na majini fisi maji ukiwa na bahati. Mamba wamo, kwa hiyo kutumbukiza miguu ukingoni ni upuuzi.

Wazee wa mji huu wana kumbukumbu nyingine ya kisiwa hicho. Kilikuwa cha mzee Saanane Chawandi, jina limebaki lake, na mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali nchini. Waliosoma shule za hapa miaka hiyo watakusimulia safari ya darasa zima na simba wa kwenye kizimba. Ukienda na mtu wa rika hilo, mwache aongee.

Ndabaka ni upana. Ukitoka Saanane ambako kila kitu kiko mkononi, hapa jicho linakosa pa kushika: mbuga, migunga, mbuga tena. Karibu na geti una nyani, swala, nyamera, pundamilia. Ukiingia ndani zaidi kuelekea Kirawira unaufikia mto Grumeti na mamba wake wakubwa. Na kuna nyumbu. Watu wengi wanadhani nyumbu ni Agosti na ni mto Mara tu. Msafara ule wa nyumbu zaidi ya milioni moja hupita ukanda huu wa magharibi kati ya Mei na Julai hivi, ukipanda kwenda kaskazini. Maana yake Juni, wakati watoto wako likizo, wao ndiyo wako upande wetu wa Serengeti. Lakini mvua ndiyo inayowapangia ratiba, na hawakai getini kukusubiri. Waulize askari wa getini wako wapi wiki hii kabla hujachoma mafuta. Kufika Seronera, katikati ya Serengeti, na kurudi kwa siku moja kutokea Mwanza usijaribu; utaona barabara tu.

Simba, chui, tembo? Unaweza. Hakuna anayeweza kukuahidi, na anayekuahidi anataka pesa ya kutangulia.

Rubondo ni msitu na ukimya. Wanyama wakubwa walao nyama hakuna, ndiyo sababu mnatembea kwa miguu na askari mkisikiliza ndege. Furukombe wako kila mti mkubwa wa ufukweni. Mwenyeji halisi wa kule ni nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizochanua za kukanyagia tope; mahali pengi kumwona ni kazi, Rubondo ni rahisi zaidi. Wengine waliletwa: tembo, twiga, mbega, na sokwe mtu. Hao sokwe wana hadithi ya peke yao. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa kumi na saba kisiwani, wakitokea kwenye mabustani ya wanyama ya Ulaya, wengine hawajawahi kujitafutia tunda maishani mwao. Wakajifunza. Wazao wao leo wanaishi msituni humo kama vile hawajawahi kuona kizimba. Kuwaona kunataka kutembea saa kadhaa bila hakika, na mwenye mafua haruhusiwi kuwasogelea kwa sababu wanaambukizwa magonjwa yetu. Kwa safari ya siku moja wafute kwenye orodha, usiwaahidi watoto.

Nani yumo kwenye msafara

Mtoto wa chini ya miaka mitano, Saanane. Ndabaka ni saa tano za barabarani na nyingine sita za kukaa garini, maana ndani hushuki ovyo, ni sehemu maalumu tu. Nimemwona mtoto wa miaka minne akimtazama twiga kwa sekunde nane, akauliza tunaenda nyumbani lini. Kuanzia miaka minane, tisa, mambo yanageuka: huyo Saanane ataimaliza kwa kukimbia na Ndabaka ndiyo ataisimulia shule ikifunguliwa.

Wazee ni kinyume cha wanavyodhani wengi. Saanane iko karibu, ila ni mawe: kupanda, kushuka, kushika mkono wa mtu. Mwenye magoti mabovu atabaki chini kivulini, ambapo nako si pabaya, ila asiambiwe ataona mji kutoka juu. Ndabaka mzee anakaa kwenye kiti chake na Serengeti inaletwa dirishani. Mgongo ndiyo utalalamika kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kwa hiyo mweke mbele au katikati ya gari, asikae juu ya tairi la nyuma.

Rubondo inataka watu wazima wenye subira au vijana wenye miguu. Kundi la marafiki sita linafaa kuliko familia yenye kichanga.

Na kuna wanaoogopa maji. Mwanza hilo si jambo la kuchekwa, karibu kila ukoo una mtu wake ziwani. Boti ya Saanane ni ya dakika chache na mji uko mbele ya macho muda wote, wengine humudu hiyo tu. Ya Nkome ni ziwa wazi, nchi kavu inakuwa mstari. Usimpeleke mtu huko kwa kumficha.

Chakula, choo, kivuli

Beba. Kote beba. Saanane kuna pa kukaa kivulini na vyoo, na ukirudi saa nane mji wote unakusubiri na sato wa kukaanga. Ndabaka choo ni getini na kwenye vituo vichache, waambie watoto hivyo kabla ya chupa ya pili ya maji. Sisi hubeba michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mayai ya kuchemsha, chapati, na maji mengi. Michembe haimwagiki, haichachi, na humtuliza mtoto kwa muda mrefu kwa kuwa anabaki anaitafuna. Fungeni madirisha mkisimama palipo na nyani. Nimeshuhudia chapati sita zikiondoka kwa mkono mmoja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo vikapu na makontena. Rubondo unabeba kila kitu hadi chumvi.

Jua, upepo, wadudu

Juni hadi Agosti ni miezi mizuri kwa zote tatu: nyasi zimeanza kukauka, barabara ni kavu. Ukanda wa magharibi una ule udongo mweusi wa mbuga, ukinyeshewa gari dogo linakaa hapo hapo likisubiri trekta. Kiangazi ndiyo nafasi ya wenye magari ya kawaida, na hata hivyo uliza getini hali ya njia.

Ndabaka na Rubondo wana mbung'o. Si wa kuua safari lakini wanauma kupitia shati. Wanavutwa na nguo za buluu iliyokoza na nyeusi, vaa kaki, kahawia, kijani kilichopauka. Mwaka ule wa tairi kipara mama mdogo alikuja na gauni la buluu jipya la kupigia picha. Picha zilipendeza. Yeye alijikuna hadi Magu.

Ziwa kwa miezi hii lina upepo wa kusi, na mchana mawimbi huinuka. Boti ya asubuhi ni laini kuliko ya saa tisa. Kwa Saanane tofauti ni maji kidogo usoni. Kwa Nkome tofauti ni kutapika au kutotapika, na wakati mwingine ni kutosafiri kabisa. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Kichocho nacho kimo ziwani, hasa palipotulia penye majani na magugu maji, kwa hiyo hakuna kuogelea kokote.

Basi uende wapi

Una nusu siku, au una mgeni wa kikazi anayeruka jioni: Saanane, boti ya kwanza ya asubuhi. Atarudi hotelini na picha ya mjusi mwekundu ambaye hakuna mwenzake ofisini aliyewahi kumwona.

Una watoto mchanganyiko, mkubwa wa miaka kumi, mdogo wa mitatu: Saanane mwaka huu, Ndabaka mdogo akifika saba. Mkiwa wazazi wawili na ndugu wa kusaidia, mgawanyike, sio dhambi. Mmoja aende na wakubwa, mwingine abaki na wadogo.

Mko nane au zaidi, mmechanga, gari ni la mtu mnayemjua, na ni Juni au mwanzo wa Julai: Ndabaka, bila kufikiria mara mbili. Ikiwa ni Septemba na hamu yenu ilikuwa nyumbu, wameshavuka, lakini wanyama wakaazi wapo na msongamano haupo. Amueni kama hiyo inatosha.

Gari mnalitegemea kwa mtu msiyemjua: mwambieni aje jioni ya kuamkia safari, mlione, mzunguke nyuma mtazame matairi kwa tochi.

Mna siku mbili, mnapenda ndege, uvuvi wa kuburudika kwa kibali, au mmechoka na kelele za mji: Rubondo, mlale Kageye. Ikiwa mna siku moja tu na roho iko Rubondo, isubirini hadi sikukuu iangukie Ijumaa au Jumatatu. Mnavuka daraja asubuhi, mnakula mchana Geita, jioni mko kisiwani.

Wapenzi wawili wasio na gari wala bajeti: Saanane Jumatano, siyo Jumapili. Jumapili kuna kwaya nzima imekuja na spika.

Na kama una bibi kama wetu, Ndabaka, kiti cha mbele, dirisha lake lisizibwe na mizigo ya mtu. Wa kwetu tulimpeleka mwaka uliopita. Pale daraja la Simiyu alifumba macho mpaka tukavuka. Ndani ya geti aliwaona pundamilia kama arobaini wamesimama njiani hawataki kupisha, akafungua kioo kidogo akawaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila!", kisha akageuka akatuuliza kwa nini tulikuwa tunamficha siku zote hizi.